Aliyeiba Kuzaliwa kwa Kothai

Siku Dhanapal alipopanda jukwaani na kusimulia jinsi alivyozaliwa, Kothai ndiye aliyekuwa ameshika swichi za taa.

Kazi ya mtunza muda katika mashindano ya hotuba ni ndogo lakini haina mchezo. Unakaa mstari wa mbele, saa mkononi, macho kwa msemaji. Muda wake ukianza kuyoyoma unawasha taa ya kijani, kisha ya njano, kisha nyekundu, na akipitiliza baada ya nyekundu ameshatoka mashindanoni. Kothai alipewa kazi hiyo kwa sababu hachelewi na habishi. Alikuwa karani wa kupokea simu za mawakala katika kiwanda kimoja cha pampu za maji hapa Coimbatore, mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Alijiunga na klabu ya hotuba baada ya kuona watu aliowafundisha kazi yeye mwenyewe wakipandishwa vyeo, wakimwacha pale pale, kwa kuwa wao kwenye mikutano walifungua midomo na yeye alitazama meza.

"Mabibi na mabwana," Dhanapal alianza kwa kile Kiingereza chake kilichopigwa pasi, kisha akanyamaza mpaka ukumbi mzima ukaacha kukohoa. "Mimi sikuzaliwa hospitali. Mimi nilizaliwa kwenye pamba."

Kothai akaondoa mkono kwenye swichi.

Dhanapal akasimulia. Kiwanda cha nyuzi, enzi zile mji ulipokuwa ukiamshwa kwa ving'ora vya viwanda. Mwanamke anayeficha mimba kwa kujikaza sari tumboni, kwa kuwa kiwandani pale mwenye mimba alikuwa hana kazi. Uchungu unamshika katikati ya zamu ya mchana. Anajikokota hadi chumba cha pamba taka, analala juu ya lile rundo lenye vumbi na mafuta ya mashine, na mtoto anatoka akiwa amegandwa na nyuzi mwili mzima, mweupe kama kitu kilichotoka kwenye unga.

"Mtoto yule," alisema Dhanapal, akashusha sauti, akajigusa kifua, "alikuwa mimi."

Mtoto yule alikuwa Kothai.

Hakuna aliyemsimulia Dhanapal habari ile ila Kothai mwenyewe. Kila mwanachama mpya klabuni hupewa mlezi wa kumsaidia kuandaa hotuba zake za mwanzo, na yeye alipewa Dhanapal, nyota wa klabu, mwenye ofisi ya kufundisha mameneja kuzungumza, mwenye picha yake akiwa amekunja mikono kwenye bango la njia panda. Kothai alijiona ana bahati. Alimkaribisha nyumbani, wakafanya mazoezi sebuleni, na siku aliyomsomea habari ya kuzaliwa kwake, Dhanapal alisikiliza mpaka mwisho huku akila idli, vile vikate vya mchele vya mvuke, alizopika mama yake Kothai, kisha akatikisa kichwa.

"Mdogo wangu, hii si hotuba. Haya ni mazungumzo ya jikoni. Damu, mashine, mama anateseka… Watu wametoka majumbani mwao Jumamosi, wanataka kuchangamka. Zungumza juu ya kujiamini."

Basi Kothai akazungumza juu ya kujiamini, akitetemeka kama nguo kwenye kamba, na wakampa cheti.

Sasa alikuwa amekaa chini ya jukwaa, akimtazama mtu akizaliwa mahali pake. Na muda ulipofika aliwasha taa ya kijani. Ulipofika tena, akawasha ya njano. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko mengine yote: kwamba hakusimama, hakupiga kelele, hakuangusha hata ile meza. Aliwasha taa kama alivyoagizwa. Dhanapal akamaliza kabla ya nyekundu, akamwinamia kidogo kwa tabasamu, kama dereva anavyomshukuru askari wa barabarani. Watu walisimama kwa makofi. Mama mmoja nyuma ya Kothai alikuwa akijifuta macho kwa pindo la sari.

Dhanapal akashinda, na kushinda pale kulimaanisha sasa atakwenda Chennai kushindana na wakubwa.

Kothai alimkuta nje ya ukumbi, karibu na birika la kahawa, kikombe cha ushindi kwapani.

"Kaka Dhanapal."

"Aa, Kothai! Taa zako zilikuwa barabara kabisa leo. Asante sana."

"Ulizaliwa wapi?"

Dhanapal akacheka, akaangalia kulia na kushoto. "Njoo huku pembeni."

"Nimekuuliza ulizaliwa wapi, kaka."

"Punguza sauti, mdogo wangu. Hotuba ni sanaa. Ile habari ulikuwa umeshaitupa."

"Si wewe uliyeniambia niitupe?"

"Nawe ukaitupa. Sasa mtu akiokota kitu jalalani, anaitwa mwizi?"

"Jalalani? Mama yangu yuko jalalani?"

"Usinigeuzie maneno." Tabasamu lilikuwa bado lipo, lakini macho yalikuwa yameacha kucheka. "Hebu niambie ukweli, ungeisimulia wewe ingekuwa nini? Ungetetemeka, ungetazama viatu vyako, watu wangetoa simu zao. Mimi nimewaliza ukumbi mzima. Mama yako angekuwa na busara angenishukuru."

Sisi watu wa Coimbatore tunajisifu kwa upole wa ulimi. Hata tukigombana barabarani, mtu humwita mwenzake kwa heshima zote kabla ya kumwambia kuwa ni mpumbavu. Kothai alifungua kinywa atafute tusi lenye adabu, akalikosa. Alipolipata lisilo na adabu, Dhanapal alikuwa ameshavutwa kwenda kupigwa picha.

Jumatatu yake Kothai alimwendea mwenyekiti wa klabu, Bi Alamelu, meneja wa benki mstaafu, mwanamke wa miwani ya mnyororo aliyezoea kusikiliza watu wakiomba huku akiwa tayari ameshaamua.

"Una ushahidi?" Bi Alamelu aliuliza.

"Ushahidi ni mimi, mama. Mimi ndiye niliyezaliwa."

"Kothai, viwanda vilikuwa vingi. Wanawake walijifungua humo, si jambo geni."

"Kwenye chumba cha pamba taka? Zamu ya mchana? Na nyuzi mwilini?"

"Sasa unanipandishia sauti."

"Samahani, mama."

"Mwezi ujao Dhanapal anakwenda Chennai kwa jina la klabu yetu. Hatujawahi kufika huko. Sitaki jina hilo lipelekwe likiwa na matope." Bi Alamelu akavua miwani, akaiacha ikining'inia. "Lakini mimi si mtu wa kumzuia mtu kusema. Jumamosi ijayo kuna nafasi moja ya hotuba. Chukua. Mwaga uchungu wako kwa utaratibu wa klabu."

"Asante, mama."

"Na mtathmini wako, wa kuikosoa hotuba mbele ya wote, atakuwa Dhanapal. Ratiba ilishapangwa, siwezi kuipangua."

Alipofika nyumbani, mama yake, Ramathal, alikuwa amekaa sakafuni mbele ya televisheni akimenya vitunguu vidogo. Kothai alikuwa amemficha habari ile tangu Jumamosi. Sasa ilimtoka kama tapishi.

"Nani kazaliwa kwenye pamba?" Ramathal aliuliza, macho bado kwenye tamthilia yake.

"Dhanapal. Yule mlezi wangu."

"Yule wa gari jeupe? Aliyekula idli zangu akaongezwa, akaongezwa tena?"

"Ndiye huyo."

Ramathal akaanza kucheka. Alicheka mpaka ikabidi aweke kisu chini. "Lijitu lote lile! Mwanangu, ningelizaa lile mimi, ningekuwa hapa leo?"

"Mama, si kitu cha kucheka."

"Ngoja kwanza nicheke. Haya, akasemaje juu yangu?"

"Alisema ulilia. Ulipiga mayowe ukimwita Mungu mpaka msimamizi wa zamu akasikia. Akaja mbio, akakuletea maji, akavua shati lake akakufunika."

Ramathal aliacha kucheka. Alinyoosha mkono akazima televisheni, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kabla tamthilia haijaisha.

"Msimamizi?"

"Ndivyo alivyosema."

"Msimamizi alikuwa nje anagonga mlango kwa fimbo, anauliza nani kaacha mashine! Na mimi sikulia. Sikutoa hata mguno. Niliuma pindo la sari mpaka jino hili hapa likalegea. Ningelia ningekuwa nje ya geti kabla hujatoa kichwa." Alikuwa akihema. "Na Pappathi? Pappathi kamweka wapi?"

Kothai alisita. "Hakumweka."

"Hakumweka vipi? Wewe hukumwambia?"

"Nilimwambia, mama. Kila kitu. Yeye ndiye aliyemtoa."

Pappathi alikuwa mwanamke wa mashine za jirani. Ramathal alipoponyoka kwenda chumba cha pamba taka, Pappathi alishika mashine za wote wawili, akikimbia huku na huku kuunga nyuzi zilizokatika, ili mashine zisisimame na mtu asihesabiwe kuwa hayupo. Msimamizi alipokuja na fimbo yake, Pappathi aliacha mashine akaenda kusimama mlangoni, akamwambia mle ndani kuna mwanamke aliyeingia siku zake ghafla, kama anataka kuona aingie. Msimamizi akatema mate akaondoka. Kisha Pappathi akaingia na kile kisu kilichopinda cha kukatia nyuzi, akakata kitovu. Habari zilipovuja, kiwanda kilitaka mtu wa kumfukuza, na Pappathi akasema yeye ndiye aliyeacha mashine siku ile, kwa kuwa yeye hakuwa na mtoto wa kunyonyesha. Alikwenda kuponda mawe ya ujenzi mpaka mapafu yakamwisha.

"Kamtoa Pappathi," Ramathal alisema polepole, "kamweka yule mbwa na shati lake."

Kisha mama akaokota kisu na kitunguu, lakini hakumenya.

"Habari hii nilikupa wewe tu, Kothai. Sikutaka itoke humu ndani. Lakini sasa imeshatoka, tena imetoka ikiwa imevishwa uongo. Nenda kaivue."

Hotuba ya kwanza aliyoiandaa Kothai haikuwa hotuba. Alimsomea mama yake, na humo ndani Dhanapal aliitwa mwizi, fisi, kupe, na mtoto wa muuza magogo, jambo ambalo kwa kweli lilikuwa sahihi maana baba yake alikuwa na ghala la mbao.

"Huu ni ugomvi wa bombani," Ramathal alisema. "Mimi naujua, nimeupigana. Watu wanakusanyika, wanafurahi, kisha wanachota maji yao wanakwenda zao."

"Kwa hiyo nisimtaje?"

"Mtaje. Ila kwanza watu wamjue Pappathi. Wasipomjua, watajuaje kaiba nini?"

Kothai akaanza upya. Jioni, akitoka kazini, alipanda juu ya paa la nyumba na kufanya mazoezi katikati ya nguo zilizoanikwa, akizihutubia shuka za majirani. Jirani wa pili alichungulia ngazini akauliza anagombana na nani, mume amepatikana lini. Mchana kazini alijifungia stoo, akasimama mbele ya safu za pampu mpya zilizofungwa karatasi, akasema nazo. Kila alipofika pale msimamizi anapogonga mlango, hasira ilimpanda kooni, sauti ikawa juu, maneno yakamkimbia. Alijaribu tena na tena, na kila mara alikwama hapo hapo, mpaka siku moja akaipiga pampu teke akaumia kidole.

Ramathal ndiye aliyemtoa pale. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya paa, anasikiliza.

"Usipige kelele hapo," alisema. "Mimi hapo nilikuwa nimeuma nguo. Nawe uma."

Kothai akajaribu kwa sauti ya chini, meno yakiwa karibu kukutana. Vinyweleo vya mikono vikamsimama. Mama yake akanyanyuka bila neno, akashuka ngazi, na Kothai akasikia maji yakifunguliwa kule chini kwa muda mrefu.

Jumamosi ilipofika, ukumbi wa shule tunaokodi ulijaa kuliko kawaida, kwa kuwa watu walikuja kumpongeza Dhanapal. Mapangaboi yalikuwa yakizunguka kwa uvivu. Dhanapal alikaa mstari wa mbele, mguu juu ya mguu, karatasi ya tathmini kwenye goti na kalamu ya wino mkononi. Mtunza muda alikuwa Ebenezer, mwenye duka la miwani, mtu mpole asiyependa kelele. Ramathal hakuja. Alisema akimwona yule mtu atamrukia, na magoti yake hayaruhusu.

"Hotuba inayofuata," Bi Alamelu alitangaza, "inaitwa 'Pappathi'."

Kothai alisimama mbele yao. Miguu ilikuwa ikimtetemeka kama siku zote, lakini safari hii aliiacha itetemeke.

"Mimi nilizaliwa kwenye pamba," alisema.

Minong'ono ikapita. Vichwa viligeuka kumtazama Dhanapal. Yeye akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Kothai akaendelea. Aliwapa kiwanda, vumbi linaloingia puani mpaka kamasi zinatoka na nyuzi. Aliwapa mama yake akijikaza sari kila alfajiri, akivuta pumzi ndani. Kisha akawapa Pappathi, mwanamke mfupi, mtafuna tambuu, mwenye matusi ya kutosha zamu nzima, akikimbia kati ya mashine zake na za mwenzake huku vidole vikivuja damu kwa kuunga nyuzi. Alipofika pale msimamizi anapogonga mlango, alishusha sauti mpaka watu wa nyuma wakainama mbele. Hakuna aliyekohoa. Taa ya kijani iliwaka, kisha ya njano, na yeye hakuziona.

"Mashindano ya juzi mlisimuliwa kwamba msimamizi alivua shati," alisema. "Msimamizi hakuvua kitu. Msimamizi alitema mate."

Taa nyekundu ikawaka. Kothai aliiona sasa, na hakukaa.

"Mliambiwa mama yangu alilia."

Bi Alamelu akaanza kupiga makofi. Katika klabu zetu, msemaji akipitiliza muda, watu humpigia makofi mpaka aketi. Ni namna ya kumfukuza mtu kwa kumsifu. Wa mstari wa mbele wakafuata. Makofi yakaenea ukumbi mzima, ya mazoea, ya kupanga, pa, pa, pa, na Dhanapal naye akiwa ameweka kalamu chini ili mikono yake ipate nafasi.

Hapo Kiingereza kikamwisha Kothai. Alichobaki nacho kilikuwa Kitamili, tena kile cha bombani.

"Pigeni! Pigeni sana! Mashine zilikuwa zinapiga kelele kuliko hizo, na bado nilizaliwa!"

Makofi yakayumba.

"Mtu huyu aliyekaa hapa mbele, na mguu wake juu ya mguu, alikuja nyumbani kwetu. Alikula mkononi mwa mama yangu, akaongezwa. Kisha akapanda jukwaani akasema ni mama yake. Sawa, kama ana shida ya mama, aseme, tungemgawia! Lakini Pappathi alifukuzwa kazi kwa ajili yangu mimi, akaponda mawe mpaka akafa. Na huyu bwana, kwa sababu hadithi yake ilihitaji mwanamume mwema, akamfukuza mara ya pili!"

Makofi yalikuwa yamekwisha. Hata mapangaboi yalisikika. Kothai akaketi, na ndipo alipogundua kwamba amejiuma mdomo, kuna ladha ya chumvi.

Utaratibu ni utaratibu, na sasa ilikuwa zamu ya mtathmini. Dhanapal alisimama, akafunga kifungo cha koti. Ninalazimika kusema kwamba sauti yake haikutikisika hata kidogo.

"Nampongeza Kothai," alisema. "Sauti imara, mikono inazungumza, na pale mlangoni alitumia ukimya kwa ustadi mkubwa. Ya kurekebisha: amepitiliza muda. Amechanganya lugha. Na ameacha hasira imtawale. Msemaji mwenye hasira huwafanya wasikilizaji wajikunyate. Kuhusu mambo mengine aliyoyagusa, niseme tu kwamba hadithi za watu wanyonge hufanana, na hilo ndilo linalozipa nguvu. Namtakia—"

"Bwana Dhanapal." Alikuwa Ebenezer, bado ameketi kwenye meza ya taa. "Baba yako alikuwa anafanya kazi gani?"

"Hii ni tathmini, ndugu yangu, si maswali."

"Mwaka juzi ulituambia baba yako alikuwa kipofu. Alikufundisha baiskeli kwa kukimbia kando yako ameshika kiti, akisikiliza gurudumu. Nilikuwa nimekaa pale." Ebenezer alionyesha kiti. "Nikajiambia, labda wako vipofu wawili. Nikanyamaza. Lakini kipofu huyo ni baba yangu mimi, na habari zake nilikusimulia garini mwako, tukitoka Tiruppur. Na leo nakuuliza mbele za watu, kipofu wako alikuwa na ghala la mbao?"

Mtu akacheka kwa hofu, akajizuia.

"Na dada yako aliyetumbukia kisimani?" Sauti ilitoka katikati ya ukumbi. Alikuwa Zulaikha, mwalimu wa hesabu, mwanamke ambaye kwa kawaida alikuwa akiomba radhi kabla ya kuuliza swali.

"Zulaikha, keti," Bi Alamelu alisema.

"Siketi, mama. Yule ni dada yangu. Alitaja mpaka rangi ya sketi yake." Alikuwa akilia, na kilio kile kilikuwa cha ghadhabu tupu. "Miaka yote hii nimempigia makofi kwa kifo cha dada yangu!"

Dhanapal aliwatazama mmoja mmoja. Alikunja karatasi ya tathmini, akaiweka mfukoni.

"Mnajua mimi nimewafundisha watu wangapi kusema?" aliuliza. "Nyinyi wote, mlikuwa mnaweza kusimama hapo bila mimi?"

Alitoka kwa mwendo wa kawaida, na muda si mrefu tukasikia gari lake likiwashwa uwanjani.

Bi Alamelu alifunga mkutano mapema. Alipompita Kothai mlangoni alisema bila kusimama, "Haya, umefurahi?"

"Hapana, mama," Kothai alisema. "Sijafurahi hata kidogo."

Wasiojua mambo ya klabu hudhani hapo Dhanapal alikwisha. Hakwisha. Kothai, Ebenezer na Zulaikha waliwalalamikia waandaaji wa mashindano, nao wakajibiwa kwa lugha laini kwamba ni vigumu kuthibitisha umiliki wa kumbukumbu. Dhanapal mwenyewe alijitoa safari ya Chennai, akisema koo linamsumbua. Wanachama wengi walimfuata, akafungua klabu nyingine upande wa uwanja wa ndege, na bango lake la mikono iliyokunjwa liko pale pale njia panda, tena limepakwa rangi upya. Bi Alamelu alijiuzulu uenyekiti, na hadi leo akikutana na Kothai sokoni anajifanya anachagua biringani.

Hata kazini mambo hayakugeuka kama anavyoahidiwa mtu anayejiunga na klabu ya hotuba. Kothai alizungumza kwenye mkutano kwa mara ya kwanza, akaeleza kwa nini mawakala wa kusini wanarudisha pampu, na alisema vizuri. Bosi wake alimsikiliza, akaguna. "Siku hizi umekuwa mkali, Kothai," alisema. Cheo hakikuja. Ilikuja mialiko ya klabu nyingine, zikitaka kusikia habari ya Pappathi na ya aliyeiiba.

Kisha asubuhi moja ya Jumapili, akiwa jikoni na mama yake wakikata maharage mabichi, simu iliita. Alikuwa Dhanapal. Hakusalimu.

"Kothai, nimepoteza wateja watatu. Watatu! Kampuni moja wameniuliza usoni kama ni mimi yule wa pamba. Kila klabu unayoalikwa unasimulia habari zangu. Unafikiri ni haki? Mtu anajenga jina lake miaka na miaka, wewe unalichukua unalipeleka kwenye majukwaa upigiwe makofi? Nani kakupa ruhusa? Hizo ni habari zangu!"

Kothai aliegemea ukuta. 

"Hizi, kaka," alisema, "nilikuwepo zikitokea."

Akakata simu. Akaiweka simu juu ya mtungi wa gesi.

"Nani huyo?" Ramathal aliuliza.

"Dhanapal."

"Anataka nini?"

"Analalamika ameibiwa."

Safari hii Ramathal hakucheka. Alimtazama binti yake usoni kwa muda, kama anayepima homa kwa macho.

"Bado una hasira?"

"Bado, mama. Nadhani imezidi."

"Hata mimi," Ramathal alisema, akamsogezea fungu lingine la maharage.